Inchi ya Mzee Stach

Jumatano mchana, Halina akimenya viazi, alimsikia mume wake akiongea ndani ya ukuta.

Sauti ilitoka kando ya jiko, kwenye kisanduku cha chuma ambacho Kazek alikifungua wiki iliyopita ili abadilishe soketi, kisha akakiacha wazi hivyo hivyo. Chicago waya wa umeme haulali ukutani hivi hivi. Hata nyumba ya mtu wa kawaida hutandikwa paipu za chuma, na waya hupita humo ndani. Kazek alikuwa amezivuta nyaya za soketi ile zikaning'inia nje kutoka kwenye paipu yao, na paipu ya pili, ya kazi aliyokuwa anaipanga, ilikuwa tupu. Mdomo wake mmoja ulikuwa jikoni. Wa pili ulikuwa katika chumba cha chini ya nyumba, na huko ndiko alikoshinda siku ya tisa sasa, tangu arudishwe kutoka kazini.

"Tisini na tano," paipu ilisema. "Jana ilikuwa tisini na nne."

Kimya. Kimya chenyewe kilikuwa cha mtu anayemsikiliza mwenzake.

"Ndiyo, mzee," paipu ikasema.

Halina akaweka kisu chini. Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa, mtu ambaye Kazek alimwita mzee ni mmoja tu, naye ni Stach, fundi aliyempokea walipohamia huku kutoka milimani kwao Poland na kumfundisha umeme. Na Stach, Halina mwenyewe ndiye aliyempikia kabichi ya matanga, miaka tisa iliyopita.

Alishuka ngazi akijipangusa mikono kwenye aproni.

"Kazek, unaongea na nani?"

"Na nani tena? Peke yangu." Alikuwa amepiga goti pembeni, futi ya chuma mkononi, penseli sikioni, mwili mkubwa uliovaa sweta lililotoboka viwiko. "Njoo uone. Njoo, Halinka, usisimame huko kama mgeni."

Ukutani, kutoka kwenye boksi kuu la umeme mpaka kona ya dirisha, alikuwa ameandika kwa penseli. Kila siku na kipimo chake. Tisini na nne. Tisini na tano. Tisini na tatu. Tisini na nne. Tisini na tano. Ukuta mmoja, mtu mmoja, futi moja.

"Nyumba inapumua," Kazek alisema. Hakusema kwa wazimu. Alisema kama fundi anavyomwambia mwenye nyumba kwamba paa linavuja. "Inajaa, inakwisha. Inchi kwenda, inchi kurudi. Ndiyo maana paipu zinakataa. Na kule kazini ni hivyo hivyo, majengo yote yanafanya hivyo siku hizi, wao hawapimi mara mbili ndiyo maana hawajui."

Juu ya vichwa vyao, kwenye mbao za dari, alikuwa ametundika paipu zilizokataa. Zilikuwa zaidi ya ishirini, kila moja imekunjwa kona safi isiyo na bonde wala mkunyanzi, kila moja nzuri, na hakuna hata moja iliyotosha mahali pake. Tanuri ya kupasha nyumba joto ikajiwasha. Hewa ikapita kwenye midomo ya zile paipu, nazo zikaanza kuvuma, moja baada ya nyingine, polepole.

"Unaisikia?" Kazek aliuliza.

Halina alisikia. Hilo ndilo lililomtisha.

*

Mtu aliyemrudisha Kazek nyumbani hakuwa adui. Alikuwa Rogelio, ambaye miaka kumi na minne nyuma alikuja kwa Kazek hajui hata kushika bisibisi, akala mezani kwa Halina kila Ijumaa, na leo ndiye msimamizi wa kazi. Kwenye jengo linalopanda kando ya mto, Kazek alikabidhiwa ukumbi mmoja. Akakunja paipu arobaini kabla ya chakula cha mchana, kwa kasi ambayo vijana wawili wasingeiweza. Zote arobaini zilikuwa ndefu kwa inchi moja. Wale vijana wakazibeba kuzitupa, na mmoja akaokota chaki akaandika juu ya kofia ya Kazek, alipoivua kunywa chai, neno moja: INCHI. Kazek akaivaa bila kujua, akazunguka nayo jengo zima mpaka jioni, na kila aliyepishana naye akacheka akishapita.

Halina aliifuta chaki ile kwa kitambaa cha vyombo. Hakumwambia.

Rogelio alipiga simu, akamtaka Halina, si Kazek. "Bi Halina, mimi nimesema anaumwa mgongo. Ofisi wameniuliza, nimewaambia mgongo. Lakini siwezi kusema mgongo kila wiki. Jumamosi nitapita hapo kwenu. Anikunjie paipu moja tu mbele yangu, ikae, basi, Jumatatu namrudisha. Anahitaji mpaka Aprili tu, si ndiyo?"

"Mpaka Aprili," Halina alisema. Aprili miaka ya kazi ya Kazek ingetimia na pensheni ingekuwa kamili. Ikikatika kabla ya hapo wangepata nusu, na nusu haikutosha hata kodi ya nyumba ambayo jiji linataka kila mwaka.

"Isipokaa?" aliuliza.

"Ikae tu, Bi Halina," Rogelio alisema.

*

Halina aliuza nyama za moshi na soseji katika duka la Wapolandi kule Archer Avenue. Mkono wake ulijua uzito. Mteja akitaka nusu ratili ya nyama, alikata, akaweka, na mzani ukasema nusu ratili; mara chache sana aliongeza au kupunguza kipande. Alhamisi ile alikosea mara tatu.

"Kazek bado yuko nyumbani?" aliuliza mke wa fundi mwingine, mama mmoja mwenye kofia ya manyoya, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye foleni ya mikate. "Nasikia ni mgongo."

"Ni mgongo."

"Pole. Mume wangu anasema kule kazini wanamkumbuka sana. Wana jina la kumtania."

"Soseji ulisema ngapi?" Halina aliuliza.

Njiani kurudi alikuwa anamchukia yule mama kwa moyo wote, na chini ya chuki ile kulikuwa na hesabu aliyokuwa hataki kuifanya. Nyumba haipumui. Matofali yale yana miaka tisini, hayajasogea hata unywele. Kama nyumba haisogei, basi kinachosogea ni kingine. Theluji ilikuwa imeganda kando ya barabara na alitembea taratibu, na kadiri alivyokaribia mlango wake ndivyo alivyozidi kutamani kuukuta ukuta umesogea kweli. Ukuta unaweza kurekebishwa.

Alipofungua mlango hakuita. Alivua viatu, akaenda jikoni kwa soksi, akapiga goti kando ya jiko na kutega sikio kwenye kisanduku. Hewa ya vuguvugu, yenye harufu ya chuma, ilimpuliza shavuni.

"Naanzia moja," paipu ilisema.

Hilo alilijua. Ile kulabu ya mwanzo wa futi huchezacheza, ikianguka mara mbili inapinda, na kulabu iliyopinda inakudanganya. Kwa hiyo mafundi wa enzi za Stach hawakuiamini. Walianzia kwenye alama ya inchi moja, na mwisho wakaitoa ile inchi. Hilo waliliita kuunguza inchi. Kazek aliunguza inchi maisha yake yote. Hata alipopima mapazia ya Halina, aliunguza.

"Mpaka kona, tisini na tano. Mkunjo unakula tano." Hizo tano hakuzisahau hata mara moja, kila paipu ya saizi ile ukiikunja kona unatoa inchi tano, alizitoa usingizini. "Na ile moja niliyoiunguza." Kimya. "Utaitoa wewe, mzee? Haya. Toa wewe."

Halina akafumba macho.

Akasikia msumeno, kisha mguu mzito ukikanyaga kile chuma cha kukunjia, kisha paipu ikigonga ukuta na kukataa. Kisha futi tena.

"Mbona ndefu? Hukuitoa? Basi safari hii naitoa mimi. Tisini na nne." Kimya. "Umeshaitoa na wewe? Sawa, mzee, tisini na tatu. Wewe ndiye unajua."

Ndivyo nyumba ilivyokuwa inapumua. Siku ambayo Kazek alimwachia marehemu kazi ya kutoa, hakutoa mtu, na ukuta ukarefuka. Siku waliyotoa wote wawili, ukafupika. Katikati palikuwa na siku chache za bahati. Halina alikaa sakafuni, mgongo kwenye jiko, akalia bila sauti, maana paipu ile ilipeleka sauti pande zote mbili.

*

Usiku hakulala, na asubuhi ya Ijumaa akakumbuka fimbo.

Mwaka ule wa kwanza Kazek hakujua inchi. Kwao walipima kwa sentimita, na zile robo na nusu na moja ya nane zilimchanganya mpaka akataka kurudi kuchunga kondoo. Stach akamchongea fimbo nyembamba isiyo na namba hata moja. Unaisimamisha pale paipu itakapokaa, unachora mstari juu yake, unailaza juu ya paipu, unachora tena. Kichwani mwa fimbo kulikuwa na mkato mmoja, urefu wa kile ambacho mkunjo unakula. Hakuna kusoma, hakuna kutoa. Mafundi wengine waliiita fimbo ya wageni, na Kazek alirudi nayo jioni ameificha ndani ya koti.

Halina alichukua ubao mwembamba gereji akaupunguza kwa kisu cha jikoni. Mkato wa kichwa aliupima kwa futi mpya kabisa aliyonunua asubuhi ile, akaurudia mara nne. Kisha akaisimamisha ukutani, kutoka kwenye boksi hadi kona, akachora. Baada ya saa moja akairudisha. Mstari ulikuwa pale pale. Baada ya chakula, pale pale. Aliutazama ule mstari na kujisikia mjane.

"Kazek," alisema, "kesho tumia hii."

Aliipokea, akaigeuza. Uso wake ukawa mwekundu kuanzia shingoni. "Hii ni ya wageni."

"Najua."

"Nimekunja paipu miaka thelathini na mmoja. Nimemfundisha Rogelio. Unataka aje anikute na fimbo ya wageni?"

"Nyumba si inapumua?" Halina alisema, na ulimi ulikuwa mzito kwa sababu hakuwahi kumdanganya. "Namba zinakuchelewesha. Ukishasoma, ukashuka, ukakunja, tayari imeshasogea. Fimbo haichelewi."

Kazek alifikiri. Alitazama pembeni, juu kidogo ya bega la Halina, mahali ambapo mtu mrefu angekuwa na uso wake.

"Mzee anasema sawa," alisema.

*

Rogelio alifika Jumamosi saa nne asubuhi na sanduku la keki, kama mtu anayekuja kutoa pole. Alikumbatiana na Kazek, akasifu supu aliyoinusa tokea mlangoni, akashuka chini. Alipoona dari limejaa paipu zinazoning'inia, alisimama kwenye ngazi ya mwisho. Halina alimwona akizisoma moja moja. Fundi huijua kazi ya mwenzake kama mwandiko.

"Umekuwa unafanya mazoezi, fundi," alisema.

"Hiyo ni taka. Niambie unataka nini."

Rogelio akamwonyesha. Itoke kwenye boksi, ipande, ikunje kona, itembee ukutani, ifike kwenye lile bomba nene la maji machafu, iliruke bila kuligusa, irudi ukutani, iishie kwenye kisanduku cha dirishani. Paipu moja, bila kiungo. Mikunjo ilikuwa mingi, na kila mkunjo uliiba kidogo urefu.

"Futi yako iko wapi?"

"Leo fimbo," Kazek alisema, akamkazia macho ili acheke kama anataka kucheka.

Rogelio hakucheka. "Na mimi ulinianzishia na hiyo," alisema taratibu.

Halina alisimama kando ya tanuri, mikono chini ya aproni. Kazek alisimamisha fimbo, akachora. Akaivusha juu ya bomba, akachora. Alilaza paipu sakafuni, akahamisha mistari, akaingiza ile paipu kwenye chuma cha kukunjia, akaweka mguu. Hapo akawa kijana tena. Uzito wote kwenye kisigino, mikono inaongoza tu, jicho moja likifuata mstari wa paipu ili isije ikapinda upande. Kona ikapanda, ikasimama wima. Akageuza, akakunja mruko wa kwanza, akageuza, wa pili, akachungulia, akaguna, akakunja wa tatu. Halina aligundua kwamba alikuwa anaomba, na hakujua anaomba nini.

Paipu ilipanda ukutani ikakaa. Ilivuka bomba kwa nafasi ya kidole. Iliingia kisandukuni kwa sauti ndogo ya chuma kukutana na chuma. Rogelio akapitisha mkono juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, na alipogeuka macho yalikuwa yamelowa.

"Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, fundi. Usichelewe."

"Mimi nimechelewa lini?"

Wakala supu, wakala keki. Kazek alitania Kipolandi cha Rogelio, Rogelio akatania sweta la Kazek. Mlangoni Rogelio alimshika Halina mkono kwa mikono yake miwili. "Unaona? Ulikuwa mgongo kweli," alisema, na alitaka sana kuamini. Halina alimtazama akipangusa theluji kwenye kioo cha gari. Akaanza kuhesabu wiki hadi Aprili, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akahisi njaa.

*

Aliporudi jikoni Kazek alikuwa amepiga goti kando ya jiko, bisibisi mkononi, anapiga mluzi.

"Nimalizie hii soketi yako," alisema. "Imekaa wazi muda mrefu, mgeni akiiona ni aibu." Akazikusanya zile nyaya zilizokuwa zinaning'inia, akaanza kuumenya mmoja kwa kisu.

Halina alikuwa anafungua mkate. "Uliona alivyofurahi?" alisema.

"Alifurahi. Na yenyewe ilitulia." Kazek alisema bila kuinua kichwa. "Uliona? Haikupumua hata mara moja. Akiwepo mgeni inajizuia. Alipofunga tu mlango, ikaanza tena."

Mkate ukabaki mikononi mwa Halina.

Akili yake ilijaribu kulipita neno lile, kuendelea na Aprili, na hapo macho yakaangukia jiko. Saa ndogo ya jiko ilikuwa inawaka, namba za kijani. Jiko na soketi ile vilipata umeme kwenye swichi moja. Kazek mwenyewe alimweleza hivyo walipolinunua.

"Kazek, umezima umeme?"

"Umezimwa."

"Umeuzima wewe?"

"Stach yuko chini. Nimemwambia azime."

Kisu kilikuwa kinasogea kwenye waya wa pili, ule mweusi, ndio unaobeba umeme. Halina hakupiga kelele. Alivuka jikoni, akamshika kiganja kwa nguvu yote ya mtu anayekata nyama kwa riziki yake, akakivuta nyuma, akakifungua kidole kwa kidole mpaka kisu kikaanguka. Kazek alimtazama kwa mshangao, kisha akatazama kisu sakafuni, kisha saa ya kijani. Aliitazama saa ile muda mrefu. Kwa dakika hiyo moja alijua. Halina aliona akijua, na ingekuwa heri asingeona.

"Kule kando ya mto," Kazek alisema polepole, "wale vijana hunyoosha mikono kwenye nyaya mimi nikisema tayari."

"Najua."

"Wananiamini."

"Najua, Kazek."

Halina alishuka chini akazima swichi yeye mwenyewe. Hakukuwa na mtu. Paipu zilivuma darini, paipu ya Rogelio ilikaa ukutani bila kosa, na chini yake fimbo ilikuwa imeegemezwa mstari kwa mstari. Alipopanda, saa ya jiko ilikuwa imezimika, na uso wa Kazek ulikuwa umeshajifunga tena. Alikuwa ameinama kwenye kisanduku, mdomo karibu na paipu.

"Mzee," alikuwa anasema, kwa upole, kama mtu anayemlaumu rafiki, "mbona hukuzima?"

Halina alichukua simu iliyokuwa juu ya meza, akatafuta jina la Rogelio, akabonyeza. Iliita mara moja, mbili. Kazek alikuwa amegeuza kichwa, sikio kwenye mdomo wa paipu, anangoja, na Halina, simu sikioni, akajikuta naye anangoja.

"Halo? Bi Halina? Nimesahau kitu?"

"Rogelio," alisema, na sauti ilitoka ndogo lakini haikukatika. "Jumatatu usimpangie kazi. Wala Jumatatu nyingine yoyote."

Kazek hakugeuka. Aliinua kidole kimoja, akimwomba anyamaze kidogo, kwa sababu alikuwa anajibiwa.